Helikopta Bila Cheti ni Chuma Chakavu

Biashara ya kukodisha helikopta imeanza kuwavutia watu ambao zamani fedha zao zingeishia kwenye mabasi ya mikoani, malori ya kwenda Tunduma au nyumba za kupangisha. Sababu zinaeleweka. Watalii wanataka kufika Serengeti bila kumeza vumbi, waongoza wageni wa Kilimanjaro wanahitaji chombo cha kushushia wagonjwa, na migodi ina wataalamu wa kusafirishwa. Tena tangu uchaguzi wa 2005, Bw. Freeman Mbowe wa CHADEMA alipozunguka mikoani kwa helikopta, kila kampeni inapokaribia wanasiasa hugombea mashine chache zilizopo kama abiria wa daladala saa kumi na mbili jioni.

Ndiyo maana utasikia watu watano au sita wenye mitaji ya kati wamechanga ili wanunue helikopta iliyotumika kutoka Afrika Kusini au Marekani. Mazungumzo yao huwa juu ya bei, saa ambazo mashine imesharuka, na kiasi atakacholipa mteja kwa saa. Suala la vyeti huachwa mwishoni, eti hilo ni la mafundi. Ukurasa huu unaona kwamba hapo ndipo fedha zinapopotea. Katika biashara hii cheti ndiyo mali yenyewe. Ukikiondoa, kinachobaki ni bati, waya na injini ambavyo mnunuzi wa vipuri atakupangia bei anayotaka yeye.

Vyeti viwili, nchi mbili

Msomaji atofautishe mambo mawili. Kuna cheti cha muundo, ambacho hutolewa mara moja kwa aina nzima ya helikopta na mamlaka ya nchi ilikosanifiwa. Robinson R44, inayotengenezwa Torrance, California, ilikipata kwa mamlaka ya anga ya Marekani, FAA, mnamo Desemba 1992. H125 ya Airbus, ambayo marubani wengi bado wanaiita AS350 au Ecureuil, iko chini ya wakala wa usalama wa anga wa Ulaya, EASA, wenye makao yake Cologne. Bell ni kampuni ya Texas, lakini Bell 407 na Bell 505 zilipata vyeti vyake vya muundo Kanada, kwa kuwa kiwanda chake kiko Mirabel, Quebec.

Cheti cha pili ni cha kufaa kuruka. Hiki ni cha mashine moja tu, yenye namba yake ya kiwanda, na hutolewa na nchi ilikosajiliwa. Ndicho kinachosema kwamba helikopta hii hapa bado inafanana na ile iliyopimwa na kupitishwa, na kwamba matengenezo na maagizo yote ya lazima yametekelezwa. Mashine yenye herufi 5H ubavuni hukipata Tanzania, ya 5Y Kenya, na ya 5X Uganda. Kwa kawaida hudumu mwaka mmoja, kisha mkaguzi hurudi tena na tochi yake.

Mkataba wa Chicago wa 1944, ambao ndio msingi wa usafiri wa anga wa kiraia duniani, unasema katika Ibara ya 31 kwamba kila ndege inayovuka mpaka lazima iwe na cheti cha kufaa kuruka kutoka nchi ilikosajiliwa. Ibara ya 33 inazitaka nchi nyingine zikitambue cheti hicho, mradi masharti yaliyotumika kukitoa yasiwe chini ya kiwango cha chini cha Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO. Hapo ndipo wanunuzi wengi wanapojichanganya. Husikia kwamba cheti cha Marekani kinatambuliwa duniani kote, wakadhani kwamba wakinunua mashine yenye cheti cha Marekani wamemaliza kazi. Utambuzi wa Ibara ya 33 ni kama pasipoti: unakuruhusu kupita mpakani, haukupi uraia. Siku helikopta inapofutwa kwenye daftari la Marekani ili isajiliwe Dar es Salaam, cheti chake cha Marekani kinakufa. Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, TCAA, inaanza ukaguzi wake yenyewe, na ina haki ya kusema hapana.

Hata nchi kubwa hazimezani vyeti bila kutafuna. Helikopta ndogo ya Robinson R66 ilipitishwa na FAA Oktoba 2010, lakini EASA haikuikubali hadi 2014. Ni mashine ile ile, kiwanda kile kile, na bado Ulaya ilichukua zaidi ya miaka mitatu. Mfanyabiashara aliyekuwa ameahidi kuuza R66 Ufaransa mwaka 2011 alikaa na ahadi yake mkononi.

Saa zinadanganya, kalenda haidanganyi

Sasa tuje kwenye hesabu, maana huko ndiko wasomaji wetu wanakoumia. R44 ndiyo helikopta ambayo mwenye mtaji wa kati huipata kwa urahisi. Kiwanda chake kinataka ifunguliwe yote na kufanyiwa ovahoo kila baada ya saa 2,200 za kuruka au miaka 12, chochote kitakachotangulia. Rudia maneno hayo ya mwisho mara mbili kabla ya kutoa hundi.

Muuzaji atakuambia: "Mzee, mashine hii ina umri wa miaka kumi lakini imeruka saa 600 tu, bado mpya kabisa." Kwenye gari huo ungekuwa ukweli mzuri. Kwenye R44 maana yake ni kwamba umebakiwa na miaka miwili. Zile saa 1,600 zilizosalia ni za kwenye karatasi, na ili kuzitumia zote lazima uruke saa 800 kwa mwaka, jambo ambalo soko letu la msimu wa utalii na kampeni haliwezi kukupa.

Tuchukue ovahoo ya dola 220,000. Tumechagua namba hiyo kwa urahisi wa kugawanya, lakini bei halisi nayo hupita dola laki mbili, kabla ya kulipia usafiri wa kuipeleka mashine na kuirudisha. Helikopta ikitumia saa zake zote 2,200, kila saa ya kuruka inabeba dola 100 za ovahoo. Ikiruka saa 110 tu kwa mwaka, miaka 12 inaisha ikiwa imeruka saa 1,320, na mzigo unapanda hadi kama dola 167 kwa saa. Yule aliyenunua ya miaka kumi, akiruka saa 110 kwa mwaka, ana saa 220 za kukusanya dola 220,000. Hiyo ni dola 1,000 kwa kila saa, kabla ya mafuta, rubani, bima na ada za uwanja. Hakuna mteja wa Arusha au Nairobi atakayelipa bei hiyo kwa viti vitatu vya abiria.

H125 ina hesabu nyingine. Haina siku moja ya kufunguliwa yote. Kila kipande kikubwa, yaani panga za juu, panga za mkia, giaboksi na injini, kina kikomo chake cha saa au miaka. Uzuri wake ni kwamba gharama haziji kwa mkupuo. Ubaya wake ni kwamba muuzaji mjanja anaweza kukuuzia helikopta ambayo vipande vyake vinne vyote vinafika kikomo mwaka mmoja. Karatasi ya hali ya vipande ndiyo mizania ya mashine, na anayejua kusoma mizania ya kampuni hatashindwa kuisoma akikaa na fundi wake jioni moja.

Kuhusu vipuri vyenyewe, kila kimoja kinachofungwa lazima kiwe na hati yake. Marekani ni fomu namba 8130-3, Ulaya ni Fomu 1 ya EASA. Kipuri kisicho na hati hakihesabiki, hata kama kinang'aa. Na asije mtu akasema kughushi hati ni tabia ya Kariakoo: mwaka 2023 iligundulika kwamba AOG Technics, kampuni ya Uingereza, ilikuwa imeuza vipuri vya injini za ndege za abiria kwa hati za kughushi, na mashirika makubwa ya ndege yakalazimika kufungua injini zao kuvitafuta.

Kuna mtego mwingine unaoambatana na bei nafuu. Marekani huuza helikopta zilizotoka jeshini, hasa zile Huey za zamani, na nyingi hupewa cheti cha aina yenye mipaka. Zinaruhusiwa kunyunyizia dawa mashambani, kuzima moto wa misitu au kuning'iniza magogo. Haziruhusiwi kubeba abiria wa kulipa, na cheti hicho hakiziruhusu kuvuka mpaka bila kibali maalumu cha nchi inayoingiwa. Mnunuzi anayeona Huey inayobeba watu zaidi ya kumi kwa bei ya R44 ajiulize kwa nini Wamarekani wenyewe hawajaikimbilia.

Siku karatasi ilipofutika

Wapo watakaosema hayo ni mambo ya wanunuzi wadogo, na kwamba matajiri wa Ulaya hawapatikani kirahisi namna hiyo. Tuwakumbushe habari ya Super Puma.

Tarehe 29 Aprili 2016 helikopta ya aina ya H225, iliyokuwa ikirudisha wafanyakazi wa mafuta kutoka baharini, ilianguka Turøy, karibu na Bergen, Norway. Panga zake za juu zilichomoka zote ikiwa angani. Watu 13 waliokuwemo walikufa. Uchunguzi ulikuta gia moja ndani ya giaboksi kuu ilikuwa na ufa wa uchovu wa chuma, uliokua kwa ndani bila vifaa vya kutahadharisha kuuona. Saba mwaka kabla, 2009, Super Puma nyingine ya jamii hiyo ilikuwa imeanguka nje ya Peterhead, Scotland, kwa gia ya namna ile ile, na kuua watu 16.

Norway na Uingereza zilizuia mashine hizo kuruka. EASA nayo ikazuia, lakini Oktoba 2016 ikaziachia kwa masharti: gia za aina moja tu ndizo zitumike, maisha yake yafupishwe, na ukaguzi uwe wa mara kwa mara. Norway na Uingereza zilikataa kufuata. Ziliendelea kuzizuia hadi Julai 2017. Kwa miezi tisa helikopta ile ile ilikuwa inafaa kuruka kwa mujibu wa Cologne na haifai kwa mujibu wa Oslo na London.

Kwa mwenye fedha, miezi hiyo ndiyo iliyokuwa na maana, kwa sababu wateja wakubwa wa H225 walikuwa Bahari ya Kaskazini. Ruhusa ya Cologne isiyotumika Aberdeen haikulipa kodi ya mtu. Wafanyakazi wa visima nao hawakutaka kuipanda tena hata iliporuhusiwa. Kampuni ya CHC, mojawapo ya makampuni makubwa ya helikopta duniani, iliomba kinga ya mufilisi Mei 2016, na Waypoint, iliyokuwa inakodisha helikopta kwa makampuni mengine, ikafuata Novemba 2018. Hatusemi ni Super Puma peke yake iliyoyaangusha, kwani bei ya mafuta ilikuwa imeporomoka tangu 2014. Lakini mali zilizokuwa zimeandikwa vitabuni kwa mamilioni ya dola kila moja zilikosa wanunuzi. Baadhi ya H225 zilizotumika ziliishia Ukraine, iliyoagiza 21 katika mkataba na Airbus wa mwaka 2018.

Kisa cha pili ni cha Kanada. Machi 12, 2009, Sikorsky S-92 iliyokuwa na watu 18 ilianguka baharini nje ya St. John's, Newfoundland, akapona mmoja. Misumari ya titani inayoshikilia kikombe cha kichujio cha oili kwenye giaboksi ilikatika, oili ikamwagika, na dakika kama kumi na moja baadaye giaboksi ikaharibika. Kanuni za Marekani zilidai giaboksi ya helikopta ya daraja hilo ivumilie dakika 30 bila oili, isipokuwa kama mtengenezaji angethibitisha kwamba kumwagika huko ni jambo la nadra mno. S-92 ilipewa cheti chake Desemba 2002 kwa kupitia mlango huo wa pili, baada ya kushindwa jaribio la kuruka bila oili.

Kuna jambo zaidi. Mwaka 2008 S-92 nyingine ilikuwa imepatwa na mkasa kama huo Australia ikatua salama, na Januari 2009 kiwanda kilitoa waraka wa kutaka misumari ya titani ibadilishwe iwe ya chuma cha pua, kwa kutoa muda wa saa 1,250 au mwaka mmoja. Agizo la lazima la FAA, la kubadilisha kabla ya kuruka tena, lilikuja siku kumi na moja baada ya ajali. Mwekezaji ajue tofauti hiyo. Waraka wa kiwanda unaweza kukupa muda wa kungoja, na kisheria uko salama. Ukurasa huu unasema hivi kwa mwenye helikopta: waraka wowote unaotaja giaboksi, panga au usukani ulipie wiki hiyo hiyo, hata kama fundi anakuambia bado kuna muda.

Kujificha kwenye daftari la wageni

Kwa kuona ugumu wa kusajili hapa, wapo wanaoshauriana waiache helikopta kwenye daftari la nchi nyingine na kuombea kibali cha kufanyia kazi Tanzania. Kwa muda mfupi si haramu, na mashine za 5Y zimefanya kazi kwetu kwa vibali miaka mingi. Lakini kibali ni hisani. Ibara ya 7 ya Mkataba wa Chicago inaipa kila nchi haki ya kukataza ndege za kigeni kubeba abiria wa kulipa ndani ya mipaka yake, na wakati wa kampeni, siku ambayo mashine inaingiza fedha nyingi kuliko mwezi mzima wa kawaida, kibali ndicho kinachoweza kuchelewa kuliko vyote.

Aidha mwenye daftari anaweza kukuacha njiani kwa sababu zisizokuhusu. Machi 2022, baada ya vita vya Ukraine kuanza na vikwazo kuwekwa, Bermuda ilisimamisha kwa siku moja vyeti vya kufaa kuruka vya ndege zote zilizosajiliwa kwake zikiendeshwa na makampuni ya Urusi. Zilikuwa mamia. Bermuda ilisema haikuwa na uwezo tena wa kuhakikisha zinasimamiwa ipasavyo. Mwezi huo huo EASA ilisimamisha cheti cha muundo cha helikopta ya Kirusi Ka-32, ambayo ilikuwa ikizima moto na kubeba magogo katika nchi kadhaa za Ulaya. Wamiliki wake wa Ulaya hawakuwa wamefanya kosa lolote.

Tuje nyumbani

Desemba 2024 Umoja wa Ulaya uliiweka Air Tanzania kwenye orodha ya mashirika yasiyoruhusiwa kuruka katika anga yake. Juni 2025 ukaongeza makampuni yote ya ndege yaliyopewa leseni Tanzania. Sababu zilizotolewa hazikuzungumzia kampuni moja moja. Zilitaja upungufu wa wataalamu, na usimamizi dhaifu wa uendeshaji na wa ubora wa ndege, yaani kazi ile ile ya vyeti tunayoizungumzia.

Maoni ya vijiweni yalikuwa kwamba hizo ni njama za kibiashara. Huenda mtu ana haki ya kufikiri hivyo. Hata hivyo soko halisubiri tumalize kubishana. Mwenye helikopta mbili Arusha hana nia ya kuruka Paris, lakini wageni wake wanatoka huko, na wakala anayewauzia safari huangalia orodha ile kabla ya kuwapandisha kwenye chombo cha Tanzania. Mkadiriaji wa bima naye huiangalia. Siku ukitaka kuuza mashine, mnunuzi wa nje ataiona 5H kwenye historia yake na kudai ukaguzi wa ziada kwa gharama yako. Saini ya mkaguzi wa serikali ni sehemu ya bei ya helikopta yako, upende usipende.

Linganisha na Kenya. Februari 2017 FAA iliipandisha Kenya daraja la kwanza baada ya ukaguzi wa mamlaka yake, na Oktoba 2018 Kenya Airways ikaanza safari za moja kwa moja Nairobi hadi New York. Wakaguzi waliosoma na kulipwa ndio waliofungua mlango ule.

Kwa hiyo ukurasa huu hauungi mkono kilio kinachosikika kwa baadhi ya wafanyabiashara kwamba TCAA itoe vyeti haraka haraka na kuacha urasimu. Cheti kilichotolewa kwa simu ya mkubwa hakina thamani Entebbe wala Johannesburg. Tunachopaswa kudai kama walipa ada ni wakaguzi wengi zaidi waliofunzwa helikopta, si ndege za mabawa pekee, na mishahara itakayowazuia kuhamia makampuni binafsi ya Nairobi na Dubai mara tu wanapokomaa.

La pili linahusu jumuiya yetu. Tunao wakala wa usalama wa anga wa Afrika Mashariki, CASSOA, ulioanzishwa 2007 na wenye makao Entebbe. Umefanya kazi nzuri ya kuzifanya kanuni za nchi wanachama zifanane. Lakini vyeti bado vinatolewa na kila nchi kivyake. Helikopta iliyokaguliwa Wilson kwa kanuni zinazofanana na zetu neno kwa neno, ikihamia daftari la Tanzania, hukaguliwa upya kana kwamba imetoka mwezini. Mmiliki hulipa mara mbili, na mashine hukaa chini wiki nyingi bila kuingiza senti.

Wazungu walipitia hapo hapo. Tangu 1970 walikuwa na umoja wa mamlaka zao, JAA, uliokubaliana kanuni lakini haukuwa na nguvu ya kutoa cheti. Waliona usumbufu wake, wakaunda EASA iliyoanza kazi 2003, na wakala huo ndio unaotoa cheti cha muundo kwa nchi zote wanachama. Sisi wenyewe si wageni wa jambo hili. Kabla ya jumuiya kuvunjika 1977 tulikuwa na idara moja ya usafiri wa anga, na ndege za Super VC10 za East African Airways zilibeba herufi za 5H, 5X na 5Y katika shirika moja. Wazee waliozihudumia pale Embakasi bado wapo.

Kuna hoja ya haki kwa upande wa pili, na kisa cha Norway kinaitetea. Kama Oslo isingekuwa na uwezo wa kusema hapana mwaka 2016, H225 zingerudi Bahari ya Kaskazini kabla ripoti haijakamilika. Nchi isiyo na wataalamu wake haiwezi kukataa, itaitikia tu. Basi tunachopendekeza ni ukaguzi wa pamoja: timu moja yenye mkaguzi wa nchi inayouza na wa nchi inayonunua, ripoti moja inayokubalika kote, na kila nchi ibaki na haki ya kuzuia mashine ikiwa na sababu iliyoandikwa. Ada igawanywe. Mamlaka zitakazolalamika kwamba zinapoteza mapato ya ukaguzi wa pili zieleze ukaguzi huo umewahi kugundua nini ambacho wa kwanza haukukiona.

Kwa anayeshika hundi sasa hivi

Hayo yatachukua miaka. Kwa aliye na fedha mezani wiki hii, kuna jambo la benki linalosahauliwa. Mkataba wa Cape Town wa 2001, ambao Kenya na Tanzania zote ni wanachama, humwezesha mkopeshaji kuandikisha haki yake juu ya ndege kwenye daftari la kimataifa lililoko Dublin. Helikopta inaingia humo ikiwa cheti chake cha muundo kinaitambua kuwa ya kubeba watu watano au zaidi pamoja na rubani, au mizigo inayozidi kilo 450. R44 ni ya watu wanne. R66 ni ya watano. Kiti hicho kimoja kinaweza kumfanya mkopeshaji wa nje akuone mteja wa kuaminika au akutake uweke nyumba yako ya Mbezi rehani.

Kwa muuzaji, dai vitabu vyote vya kumbukumbu tangu mashine ilipotoka kiwandani, orodha ya maagizo ya lazima na tarehe yalipotekelezwa, karatasi ya hali ya vipande, cheti cha kufaa kuruka cha kuuzia nje kutoka nchi inakotoka, na uthibitisho wa kufutwa kwenye daftari la huko. Mtume fundi wako mwenyewe, asiyelipwa na dalali. Mwandikie TCAA kabla ya kulipa amana ili ujue kama aina hiyo imekwisha kuingia kwenye daftari letu, kwani ya kwanza ya aina yake huleta kazi na ucheleweshaji ambao si lazima uwe mzigo wako.

Fedha nazo zigawanywe. Amana ndogo wakati wa kusaini, sehemu kubwa baada ya ukaguzi wa fundi wako, na angalau asilimia 20 ishikiliwe na wakili hadi cheti chenye herufi 5H kitolewe. Dalali atakuambia hakuna muuzaji anayekubali sharti hilo. Wapo wanaolikubali, na mashine zao ndizo za kuanza kuzitazama.